Gobnait Hakuulizwa Mara ya Tatu

Jumanne ni siku ya takataka hapa Rinnacarra, mji wetu mdogo wa bandari. Dympna Keohane alitoka na pipa lake, amevaa gauni la kulalia na viatu vya mpira vya marehemu mumewe, akakuta manowari imejaa uchochoro mzima. Ilikuwa Gobnait, meli ya doria ambayo Dympna aliipikia miaka mingi mpaka magoti yakamstaafisha. Tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ilikuwa bado karibu na duka la nyama, na pua imefika mlangoni kwa Dympna, juu kidogo ya maua. Mzinga ulikuwa umegeuzwa pembeni ili usitazame dirisha la bafu la jirani.

"Nilikuwa napita tu," Gobnait alisema.

"Naona," Dympna akajibu, akatafuta mahali pa kuweka pipa.

Uchochoro ule hata gari la maziwa hupita limekunja vioo. Hakuna ukuta uliokwaruzwa wala kamba ya nguo iliyokatika. Watu walianza kuulizana meli imepitaje, lakini mazungumzo hayakufika mbali, kwa sababu lori la taka lilikuwa limeshafika na dereva ameshaanza kupiga honi. Gobnait akamwomba radhi, akajiinua kidogo upande wa kushoto, lori likapita chini ya ubavu wake. Dereva alisema mengi sana asubuhi ile, na yote yalihusu kuchelewa.

Huku kwetu meli ya jeshi hupewa jina la mwanamke, na ikishapewa huhesabiwa mtu. Kwa hiyo Dympna alifanya kama ambavyo angemfanyia mtu yeyote aliyesimama mlangoni kwake. Alimkaribisha chai.

"Hapana, usijisumbue," Gobnait alisema kwa kile kipaza sauti chake cha kuwasimamishia wavuvi, ila kwa sauti ya chini.

"Chai kidogo?"

"Nimeshakunywa. Kweli."

"Birika liko motoni tayari."

"Haya basi, kama liko motoni. Tone tu."

Tone la Gobnait ni ndoo kadhaa. Majirani walileta mabirika yao, wakapanda ngazi ya mtu wa kusafisha madirisha, wakamimina kwenye dohani, bomba lake la moshi. Maziwa alitaka, sukari hakutaka.

Nieleze hili mara moja, halafu nisilirudie. Kwetu mtu akikaribishwa kitu, hukataa. Akikaribishwa tena, hukataa tena, na hutoa sababu. Mara ya tatu ndiyo swali lenyewe, na jibu la mara ya tatu ndilo jibu. Anayekubali mara ya kwanza huonekana alikuja kwa sababu ya njaa. Anayekaribisha mara mbili akaishia hapo, huyo hakukaribisha.

Gobnait alikuwa hivyo tangu siku ya kuzinduliwa. Mke wa waziri alipomvunjia chupa puani, alimwuliza mama yule kama mkono haujaumia. Kazi yake ilikuwa kulinda samaki wa bahari kuu. Alizunguka majira yote kwenye mawimbi ya urefu wa kanisa, akikamata meli za kigeni zenye nyavu za macho madogo, na kila aliyoikamata aliiomba radhi kwanza. Wahispania walimsumbua akili. Akimkaribisha nahodha wao chai, nahodha anasema ndiyo papo hapo, tena anauliza kama kuna biskuti. Siku moja alimpata Mfaransa mmoja mwenye adabu za kwetu, wakakaribishana hivyo mpaka meli nyingine mbili zikaondoka na samaki wote.

Lakini alikamata wengi. Alifukuzana na wauza dawa za kulevya mpaka wakachoka. Alikwenda bahari ya mbali kuokota watu waliokuwa wanazama, akarudi na viatu vidogo vya watoto vimesahaulika sitahani, akavihifadhi mpaka mwisho.

Na alimtafuta mume wa Dympna. Mashua yake ya kuvulia kaa ilipinduka mwezi wa pili, na baada ya siku chache ofisi ya wanamaji ya Dublin ikamwuliza Gobnait kama ana mafuta ya kuendelea. Akasema anayo. Hakuwa nayo. Aliendelea hivyohivyo, kwa nguvu gani hakuna anayejua, akampata, akamleta nyumbani akiwa amevaa viatu vyake vyote viwili. Baada ya maziko Dympna alikwenda gatini kushukuru, akakuta mpishi ameacha kazi na viazi vinaungua. Akaingia jikoni, na hakutoka mpaka magoti yalipokataa ngazi.

Mpishi yule hakuwa wa kwanza kuacha, wala wa mwisho. Ofisi ilikuwa ikituma mtu kila mwaka kuwauliza mabaharia kama mshahara unatosha. Wanasema si mbaya. Anauliza tena, wanasema wapo wenye hali mbaya kuliko wao. Yule mtu anafunga kalamu na kurudi Dublin na habari njema. Mabaharia wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga vizuri, wengine wakaenda kuuza simu, mpaka akabaki Malachy Coughlan peke yake, fundi wa mitambo, mtu mwenye nyusi nene na maneno makali. Mwaka wa mwisho Gobnait alikwenda doria akijishikia usukani mwenyewe huku Malachy amelala. Walikamata meli mbili. Malachy alisema hiyo ndiyo ilikuwa safari nzuri kuliko zote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kugombania choo.

Sasa Gobnait alikuwa amezeeka. Kutu ilimtafuna chini, na wiki ile aliyokuja uchochoroni ndiyo alikuwa amesikia kwamba anastaafishwa. Hakulisema hilo. Alikunywa chai yake, akasifu maua, halafu akasema ukuta wa gati la Rinnacarra umepakwa rangi vizuri siku hizi.

"Umependeza," Dympna akakubali.

"Mtu akifungwa pale anaweza kuona kila anayetoka na kila anayerudi," Gobnait alisema.

Dympna alimwelewa. Usiku huo alisali rozari yake na kuongeza moja kwa ajili ya meli.

Sheria ya nchi yetu inasema manowari haiuzwi kabla haijaulizwa inataka nini. Ikitaka kubaki, inafungwa kwenye gati la mji wake, inapakwa rangi, inaachwa. Ikikataa, wanapewa wakata vyuma. Sheria haikusema iulizwe mara ngapi. Walioiandika walikuwa watu wa hapahapa, hawakuona haja.

Habari zikaja kwamba mtu wa ofisi atafika Jumatatu. Dympna akamwita Malachy jikoni kwake, wakafungua dirisha ili Gobnait asikie, wakaanza kumfundisha. Malachy alivaa kofia ya kanisani ya Dympna ili awe mtu wa ofisi.

"Mheshimiwa Gobnait," Malachy alisema, "ungependa kubaki Rinnacarra?"

"Aa, hapana," Gobnait alisema. "Gati lenyewe dogo."

"Sema ndiyo, dada."

"Nitasema. Uliza tena."

"Ungependa kubaki Rinnacarra?"

"Hapana, wenye mashua watakosa nafasi."

Malachy akavua kofia. Alimwambia Dympna kwamba amewahi kufundisha mbwa kufunga mlango na haikuwa kazi ngumu kama hii. Walijaribu mpaka saa ya chakula, wakamjaribu akiwa amefumba taa, wakamjaribu kwa kumwuliza ghafla anapofikiria jambo jingine. Mara moja tu Gobnait alifika kwenye "ndi", kisha rangi ya pua ikamgeuka nyekundu na akauliza habari za shangazi yake Malachy.

"Tumwache," Dympna alisema mwishowe. "Kwani kuna shida gani? Ataulizwa mara tatu kama watu wote. Ya tatu atajibu."

"Na kama huyo bwana si wa huku?"

Hilo Dympna hakuwa amelifikiria. Usingizi wa siku mbili ukampotea.

Jumatatu bwana yule akafika. Aliitwa Lorcan Tuohy, bwana mwembamba mwenye koti zuri, na aliingia uchochoroni akiwa amebana tumbo ili asiguse rangi ya meli. Alimsalimu Gobnait kwa jina. Dympna akamkalisha jikoni, mlango wazi, pua ya meli ikiwa pale kizingitini. Kabla ya yote akamwuliza watu wake ni wa wapi. Tuohy akasema baba ni wa Dublin lakini mama alizaliwa Kilmoyle, hapo ng'ambo ya kilima. Dympna akamtazama Malachy. Yeye mwenyewe alikuwa amepata nafuu, ila hakutaka kuonyesha mapema.

"Chai, Bwana Tuohy?"

"Hapana, asante mama. Nimekunywa njiani."

"Kikombe kidogo?"

"Kweli nisikusumbue. Umeshahangaika."

"Birika liko motoni."

"Haya basi, kama liko motoni," Tuohy alisema. "Tone tu."

Jikoni mle watu walipumua. Malachy alifikia hatua ya kutabasamu, na Malachy hatabasamu. Hata Gobnait alilegea kidogo, nanga ikagonga jiwe la mlangoni. Tuohy alikula mkate wa magadi vipande viwili na siagi, baada ya kukaribishwa ipasavyo, akamsifu mpishi, akasema hata mama yake hakuupika vizuri hivyo. Alikuwa mtu wetu kabisa. Dympna alianza kufikiria rangi ya kumpaka Gobnait, na kama wangeweza kuweka viti sitahani wakati wa kiangazi.

Tuohy akafuta midomo, akafungua kalamu.

"Gobnait, umeitumikia nchi vizuri," alisema. "Ungependa kubaki Rinnacarra?"

"Asante sana, bwana, lakini hapana," Gobnait alisema. "Nitakuwa njiani mwa watu."

Tuohy akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayejua njia.

"Una uhakika? Wangefurahi kuwa nawe."

"Aa, gati ni la wenye mashua. Mpeni kijana nafasi."

Kila mtu akasubiri. Majirani waliokuwa wamepanga mstari nje chini ya ubavu wa meli walisubiri pia. Paka wa Dympna alishuka kwenye kiti. Gobnait alikuwa ameshaanza kunyanyua kile kipaza sauti chake, na waliokuwa karibu wanasema walisikia ndiyo yake ikiwa tayari humo ndani, inanguruma.

Tuohy akafunga kalamu. Akasema mkate ulikuwa mtamu sana, akasimama.

"Bado hujauliza," Dympna alisema.

"Nimeuliza, mama. Amekataa."

"Uliza tena."

"Amekataa mara mbili. Nikiuliza mara ya tatu nitakuwa namlazimisha, na sheria hairuhusu kumlazimisha."

"Na chai yangu uliikataa mara ngapi?"

Tuohy alivaa koti lake kwanza, akafunga vifungo vyote.

"Chai ni chai," alisema.

Malachy akapiga kelele kwamba meli inamaanisha ndiyo, kila mwenye masikio anajua inamaanisha ndiyo, na hata huyo bwana anajua, maana amenyonyeshwa Kilmoyle. Dympna alikasirika, akaondoa sahani ya mkate mezani. Na Gobnait, pale kizingitini, aliona aibu kwa niaba yao wote.

"Malachy," alisema, "usimsumbue bwana. Ana safari ndefu."

Asingeweza kusema zaidi. Mtu akisema ndiyo bila kuulizwa, huko ni kuomba, na Gobnait hakuwahi kuomba kitu maishani mwake zaidi ya radhi.

Mvua ikaanza Tuohy alipotoka. Gari lake liligoma. Watu wa Rinnacarra walimtendea vizuri sana. Mwenye duka la nyama alisimamisha gari na kumwuliza kama anataka kupelekwa stesheni. Tuohy akasema hapana, asijisumbue. Akamwuliza tena, Tuohy akasema matembezi yatamfaa. Mwenye duka akamtakia safari njema, akaondoka. Baada yake alipita mwalimu, kisha padri, kisha yule dereva wa lori la taka, na kila mmoja alimwuliza mara mbili kwa upole kabisa. Alifika stesheni amelowa mpaka ndani ya masikio. Haikubadilisha kitu, lakini ilitupoza.

Gobnait aliondoka jioni ileile, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumanne na hakutaka kuzuia lori. Alirudi nyuma taratibu, akapita kona ya benki, akateremka kwenye maji penye mteremko wa mashua. Tishari la wakata vyuma, chombo cha kumkokota, lilikuwa limeshafika. Alijifunga kamba mwenyewe ili vijana wa tishari wasilowe mikono. Kisha akamwuliza Dympna, aliyekuwa amesimama gatini na Malachy, kama angependa kupanda amsindikize mpaka penye mnara wa taa.

"Hapana," Dympna alisema. "Magoti yenyewe haya."

"Ngazi nimeishusha."

"Nitakuchelewesha bure, nenda."

Vijana wa tishari walikuwa wanatazama saa. Gobnait hakuwajali. Alimwuliza Dympna mara ya tatu, kwa utulivu uleule.

"Haya basi," Dympna alisema. "Mwendo mfupi tu."

Alipanda. Alikwenda moja kwa moja jikoni mwake, akawasha jiko, akapika chai, akakaa kwenye boksi la viazi, kiti chake cha zamani, mpaka mnarani. Walizungumza habari za kawaida, magoti na kutu. Dympna alitaka kumwambia asante kwa ajili ya mumewe, na safari hii alimwambia. Gobnait akasema halikuwa jambo kubwa. Dympna akamwambia tena, Gobnait akasema alikuwa anapita tu upande ule. Dympna akamwambia mara ya tatu.

"Karibu," Gobnait alisema. "Nilipungukiwa mafuta kidogo, lakini karibu."

Mashua ya rubani wa bandari ikamrudisha Dympna nyumbani, analia waziwazi. Wiki chache baadaye tulisikia kwamba Gobnait amekatwa vipande kwenye ufuo wa mbali, na kwamba kila mkata vyuma aliyemwekea moto alisikia sauti ikimwambia pole na kazi. Tuohy alipandishwa cheo. Ndiye anayewauliza mabaharia wa nchi nzima siku hizi.

Meli mpya ililetwa mwaka uliofuata. Inaitwa Ita. Ni ndefu kuliko Gobnait, ina mitambo inayojijua yenyewe na vitanda visivyolaliwa na mtu, maana mabaharia hawapo. Imefungwa kwenye gati letu ikisubiri watu. Malachy huenda kuwasha taa zake na kulalamika. Inaona kila anayetoka na kila anayerudi.

Dympna alikwenda kuitazama siku ya Jumatano, baada ya soko, na chupa ya chai mkobani. Akakaa kwenye nguzo ya kufungia kamba, akapumzisha magoti.

"Mwanangu," alisema, "siku moja atakuja mtu wa ofisi akuulize unataka nini. Atakuwa mtu mzuri, atasifu mkate. Ukitaka kitu, mwambie ndiyo mara ileile ya kwanza. Umenisikia?"

Ita alifikiri. Rangi yake ilikuwa bado inanuka.

"Niseme ndiyo moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Lakini mama," Ita alisema kwa sauti ya chini, "si nitaonekana sikulelewa?"

Dympna alitazama ule ubavu msafi.

"Utaonekana hivyo," alisema.

"Basi sidhani kama nitaweza."

"Najua."

Shakwe mmoja alitua juu ya mzinga na Ita akamwuliza kama si wa baridi sana. Dympna akafungua chupa, akamkaribisha chai. Ita akasema hapana, asijisumbue. Akamkaribisha tena. Ita akasema alikunywa kiwandani kabla ya kuondoka. Halafu akasubiri, na Dympna aliweza kuona jinsi anavyosubiri, bila wasiwasi wowote. Akafuta kikombe kwa ncha ya skafu yake, akauliza mara ya tatu.